Majani ya Tukuswiga

Mgeni mkubwa alitazamiwa kupita Mbebe, na mtendaji wa kijiji, Ezron, akatoa amri: majani yote kando ya barabara yaondolewe. Mashimo ya barabara yenyewe, yanayoweza kumeza ndama, hakuna aliyeyataja. Ndivyo wakubwa walivyo. Wanafagia uani, ndani kunanuka.

Mzee Ambwene akasimama mbele ya mchaichai wake, uliokuwa kando ya barabara. Marehemu mkewe, Tukuswiga, aliuleta ukiwa shina moja kutoka kwao Ndalambo, siku alipoolewa. Tangu azikwe, kikombe cha asubuhi ndicho kitu pekee nyumbani kilichobaki na ladha ile ile.

"Hayo si majani, Mtendaji. Hiyo ni chai."

"Na chai inapikwa kwa nini, Baba Anyosisye?"

"Kwa majani."

"Basi. Umejihukumu mwenyewe."

Wenye majembe wakacheka. Ambwene aliona neno lishamponyoka, na neno likitoka halirudi. Mchaichai ukang'olewa na mizizi yake, ukatupwa korongoni.

Kesho yake gari la mgeni lilisimama ofisini. Mgeni alikuwa na kikohozi, na chai ya rangi hanywi. Ezron akakumbuka nyumba ya Ambwene, akaja anahema.

Alimkuta nyuma ya nyumba, amepiga magoti kwenye kaburi la mkewe, tope mpaka viwikoni. Jana yake jioni alikuwa ameshuka korongoni akayaokota mashina, na sasa alikuwa anachomeka la mwisho.

"Baba, tusaidie mchaichai kidogo. Mgeni anakohoa."

"Mchaichai upi? Mimi nina majani tu."

"Acha utani, mzee."

"Utani umeuleta wewe."

Ezron akanyoosha mkono kwenye mashina, kisha akaurudisha. Naye ni mtoto wa pale pale. Alilelewa akijua kwamba kinachoota kaburini hakichumwi wala hakinywewi.

"Ungeyapanda hata pale uani," alisema.

"Uani unaamuru wewe. Hapa huna amri."

"Sasa na wewe utakunywa nini?"

Ambwene alishindilia udongo kwa kisigino, akaenda kunawa.

Mgeni aliondoka anakohoa, vioo vimefungwa. Mashina yalishika, mvua ikayakuza, na harufu yake ikawa inaingia mpaka jikoni. Huko Ambwene alikuwa akichemsha maji kila asubuhi, akayanywa matupu.