Kura ya Watu Elfu Thelathini

Kiyoyozi cha ukumbi wa kanisa kule Carrollton, nje kidogo ya Dallas, kilikufa mwanzoni mwa Juni 2018, na ndiyo maana kikao cha nne cha kamati ya harusi ya Glory kilifanyikia kwenye uwanja wa besiboli wa Arlington, jukwaa la juu, juani.

Wazo lilikuwa la mama wa bibi harusi mwenyewe, Prudensia. Ofisi yake kule Plano ilikuwa na tiketi za mchezo wa Jumapili mchana, Rangers wa nyumbani na Astros wa Houston, na hakuna mfanyakazi mwenye akili timamu aliyezitaka, kwa sababu ya joto. Prudensia alizichukua zote. Hesabu yake ilikuwa rahisi. Ukumbini kamati hukaa mpaka watu wanaanza kusinzia. Juani, katikati ya kelele, ingekaa dakika kumi, ingekubali anachotaka yeye, kisha ingetawanyika.

Na alichotaka kilikuwa kidogo. Glory alikuwa amemwambia jikoni, akiosha vyombo, bila hata kugeuka: "Mama, fifty people. Watu hamsini ambao itabidi niwasalimie. Akizidi mmoja, mimi na Mogaka tunaenda kortini Jumatatu asubuhi, ninyi mtaona picha."

Prudensia alimjua mwanawe. Akiwa na miaka sita Glory alitangaza kwamba hatakula tena mlenda, na hadi leo, mfamasia mzima, hajaugusa. Angeenda kortini kweli. Prudensia, aliyemlea peke yake tangu baba mtu afariki, angeiona ndoa ya mtoto wake wa pekee kwenye simu, kama ndugu waliobaki Arusha.

Lakini kwa Watanzania wa Dallas harusi si ya bibi harusi. Ni ya kamati. Kamati ikitaka watu mia nne kwenye hoteli, ni mia nne. Ukiikataa kamati umewakataa watu, na siku ukifiwa utabeba jeneza mwenyewe. Njia pekee ilikuwa kuishinda kwa kura, na katika kamati ile ya watu kumi na wawili, Prudensia alikuwa na kura moja. Yake.

Kwanza hesabu ilikataa pale mlangoni. Walikuja wote. Walikuja wamevaa sare, kitenge cha haradali na zambarau, na wamebeba hotipoti. Mlinzi wa getini alifungua hotipoti ya kwanza, akainusa pilau, akaita mlinzi mwenzake naye ainuse, ndipo wakapitishwa.

"Mama Glory, umetuletea mahali pazuri," alisema Mzee Sadock, mwenyekiti, mhasibu mstaafu anayependa taratibu kuliko chakula. "Pana hewa."

"Pana jua, Mzee."

"Jua tumezaliwa nalo."

Alikagua viti, akachagua safu ya mbele ya jukwaa lao kuwa meza kuu, akaketi katikati, na Rukaya, katibu, kulia kwake. Kushoto alimkalisha shemeji yake Modestus, aliyekuwa amepanda basi kutoka Houston kwa mara ya pili. Prudensia alipomwona Modestus, damu ilimchemka. Hakuwa mjumbe. Katika kikao cha tatu, walipochagua kitenge, kura zililingana, Mzee Sadock akamwambia Modestus, aliyekuwa amekuja tu kusalimia, anyooshe mkono. Prudensia alipopinga, mwenyekiti alitoa uamuzi: yeyote aliyefika kikaoni akakaa kwenye kiti, ana kura. Rukaya akauandika. Hivyo ndivyo haradali ilivyoshinda.

Glory na Mogaka walikaa safu ya nyuma. Mogaka, nesi Mkisii wa Houston, alikuwa amevaa fulana ya Astros katikati ya vitenge, jambo ambalo wakwe zake walilipokea kama ugonjwa wa ngozi.

"Baba, hiyo nguo umeikosea uwanja," Rukaya alimwambia.

"Aunty, ningevaa hicho kitenge chenu wangenipigia ambulance."

Mzee Sadock alisimama afungue kikao. Wakati huohuo muziki ukapigwa, na watu elfu thelathini wakasimama pamoja naye, wakavua kofia, wakaweka mikono vifuani. Ulikuwa wimbo wa taifa. Mzee Sadock alitazama uwanja mzima taratibu, kutoka upande huu hadi ule.

"Miaka yote niliyoongoza vikao," alisema wakati wanakaa, "sijawahi kupewa heshima hii."

Agenda zikaanza, na mchezo nao ukaanza. Prudensia hakujua chochote kuhusu besiboli. Alichoona ni mwanaume mmoja akirusha mpira, mwingine akiukosa, na wengine saba wakiwa wamesimama kwenye majani kama wanasubiri matokeo ya hospitali. Majani yale yalikuwa ya kijani kiasi cha kumtia mtu aibu. Kisha gongo likaupata mpira. Mlio ule ulipanda mpaka jukwaa la juu, mkavu, kama mtu aliyevunja ukuni mmoja jikoni kwa jirani, na Prudensia akajikuta amesimama.

"Taarifa, Mama Glory?" aliuliza Mzee Sadock.

"Hapana, Mwenyekiti. Ameupiga."

"Nani?"

"Sijui. Endelea."

Mwenyekiti aliendelea, juu ya rangi za vitambaa vya meza. Prudensia aliendelea pia, lakini na mambo yake. Kulia kwake aliketi bibi mmoja Mzungu mwenye kofia pana ya majani, anayekuja uwanjani hapo tangu ulipojengwa, na bibi yule alimweleza yote kwa sauti ya chini, kama wanavyonong'onezana wanawake wakati wa mahubiri. Nani anamchukia nani. Yule mrushaji anavyojikuna bega akitaka kudanganya. Walikula karanga, wakatupa maganda chini, na hakuna mtu aliyesema nani atafagia. Hilo ndilo lililomgusa Prudensia kuliko yote. Tangu afike Marekani hajawahi kukaa mahali mchana mzima bila mtu kumwomba kitu. Hapa, watu elfu thelathini, na hakuna hata mmoja aliyetaka chai.

Halafu likaja wimbi. Vijana fulani waliovua mashati, upande wa pili wa uwanja, walisimama wakarusha mikono juu wakapiga kelele. Waliokaa kando yao wakafuata, kisha wa kando ya hao, na ile mikono ikazunguka uwanja kama upepo kwenye shamba la mpunga, mpaka ikawafikia. Bibi wa kofia akasimama na mikono juu. Prudensia akasimama. Rukaya akasimama na sahani ya pilau. Mzee Sadock, katikati ya sentensi kuhusu leso, alisimama akanyoosha mikono yote miwili, akakaa, akamalizia sentensi.

"Ni nini hiki?" Prudensia alimuuliza bibi.

"Wimbi. Likianza halikamatiki. Litapita mara kadhaa."

Likapita tena. Na tena. Mara ya tatu Prudensia hakunyanyuka. Alilitazama likija. Likifika kwenye ule ubao mkubwa wa picha, aliona, unabaki na muda wa kumeza mate mara mbili, kisha limekufikia. Aligeuka akamtazama Mzee Sadock, ambaye mikono yake sasa ilikuwa inapanda hata kabla wimbi halijafika, kama ya mtu anayecheka kabla ya kichekesho. Prudensia akaacha karanga.

"Agenda ya mwisho," alisema Mzee Sadock. "Idadi ya wageni. Hoja iliyo mezani ni watu mia nne, hotelini. Mama Glory ana hoja ya watu hamsini, ambayo, kwa heshima zote, ni idadi ya watu wanaokwenda kumwona mgonjwa. Tupige kura. Wanaotaka mia nne wanyooshe mikono."

Mikono ilipanda, kumi na mmoja ya wajumbe, na wa Modestus. Nyuma, Glory alikwishatoa simu yake, na Mogaka akachungulia na kusoma kwa sauti ndogo saa za kufunguliwa korti ya Dallas County.

"Wanaopinga..." alianza Mzee Sadock.

"Taarifa, Mwenyekiti," Prudensia alisema, akasimama. Vijana wasio na mashati walikuwa wanapumzika. "Kabla ya hapo. Nimefikiria sana suala la leso."

"Leso tulishapitisha."

"Tulipitisha rangi. Hatukupitisha namna ya kuzikunja." Akaanza kueleza mikunjo. Ya pembetatu. Ya kipepeo. Ile ya shangazi yake wa Moshi, inayofanana na bata lakini si bata. Rukaya alimtazama kama mtu anayetafuta dalili za kiharusi. Vijana walinyanyuka. Wimbi lilianza, likapita nyuma ya waliovaa njano, likakunja kona. "Na kuna ile," Prudensia alisema, jicho kwenye ubao, "isiyokunjwa kabisa. Nimemaliza." Akaketi. Wimbi lilikuwa kwenye ubao.

"Tunashukuru," alisema Mzee Sadock, kwa uchovu wa mtu aliyeshinda. "Sasa, wanaopinga mia nne, wanyooshe mikono."

Uwanja mzima ulisimama ukanyoosha mikono.

Ulianzia kushoto kwao, ukaja na kelele, jukwaa baada ya jukwaa. Bibi wa kofia alinyoosha. Rukaya alinyoosha, na Modestus, na wajumbe wengine wote tisa wa haradali na zambarau. Mzee Sadock, mwenyekiti, alinyoosha miwili, akapiga na kelele. Kisha mikono ikashuka upande wao ikaendelea kupanda kwa wengine, hadi kule mwisho ambako watu walikuwa wadogo kama mchele.

Prudensia alisubiri kelele zipungue.

"Katibu," alisema, "andika."

"Niandike nini, shoga?"

"Waliounga mkono, kumi na wawili na Modestus wao. Waliopinga, uwanja."

"Kumi na mmoja na Modestus," alisema Mzee Sadock, kwa sababu hesabu ni hesabu. Kisha akaelewa. "Mama Glory, wale si wajumbe."

"Wamefika?"

"Wamefika, lakini..."

"Wamekaa kwenye viti?"

Mzee Sadock alimtazama Modestus. Modestus alitazama pilau. Ulikuwa uamuzi wake mwenyewe, umeandikwa, na Mzee Sadock hakuwa mtu wa kuvunja taratibu hata zikimvunja yeye. Alimtazama mrushaji akirusha mara tatu.

"Hoja imeanguka," alisema hatimaye. "Wageni ni hamsini."

Nyuma, Glory alirudisha simu kwenye mkoba. Prudensia aliona, akashusha pumzi aliyokuwa ameishika tangu jikoni.

"Lakini," alisema Mzee Sadock, na sauti yake ilikuwa imepata nguvu mpya, "aliyepiga kura ni mjumbe. Na hakuna mjumbe wa kamati asiyealikwa harusini. Hiyo ni desturi, haihitaji kuandikwa. Kwa hiyo tuna wageni hamsini, na wajumbe elfu thelathini na ushee. Katibu, andika. Waalikwe."

Wajumbe waliguna kwa kuridhika. Mia nne ilikuwa imekufa, lakini hii ilikuwa bora kuliko mia nne. Hakuna Mtanzania yeyote kati ya Fort Worth na Houston aliyewahi kualika kiasi hicho.

Mkono wa Glory ulirudi mkobani. Prudensia aliuona. Chini, mpigaji alikuwa anakung'uta viatu vyake kwa gongo, na Prudensia alitamani sana kumtazama, lakini kwanza kazi.

"Glory," aliita bila kugeuka. "Wale ulisema hamsini wa nini?"

"Wa kuwasalimia."

"Hawa utawasalimia?"

Glory aliutazama uwanja. "Watu wote hawa? No."

"Na kama wakialikwa hapahapa kwao, walikokaa, na wewe ukae na hamsini wako, usimpe mtu mkono?"

Glory alianza kuhesabu safu za viti kwa kidole. Mogaka alimsogelea sikioni, lakini sauti yake haikujua kunong'ona. "Babe, kuna nyama choma inauzwa hapo nyuma. Na parking ya hawa wote haiko kwa budget yetu, wanajilipia wenyewe."

"Kanisani asubuhi, hamsini," Glory alisema. "Halafu hapa. Sizunguki meza."

"Hakuna meza," alisema Prudensia. "Mwenyekiti, waalikwe."

Ndivyo ilivyokuwa. Jumapili moja ya Septemba Glory alifunga ndoa Carrollton mbele ya watu hamsini, akawasalimia wote, na kufikia mchana alikuwa jukwaa la juu Arlington, shela limefungwa fundo ili lisipepee kwenye macho ya watu, mkononi soseji ndani ya mkate. Majina yao yalitokea kwenye ubao mkubwa, katikati ya mtoto aliyetimiza miaka mitano na wazee waliotimiza arobaini ya ndoa, kwa muda wa kupiga chafya. Kamati ilipiga vigelegele. Safu tatu za Wazungu zikapiga makofi, na mmoja akamtumia bwana harusi soda kubwa, licha ya fulana ya Astros iliyochungulia chini ya koti lake.

Mzee Sadock alikuwa MC. Alikuwa amejifunza. Alikaa kimya vipindi sita, akiutazama mchezo na saa kwa zamu, na kilipofika kipindi cha saba, pale ambapo kwa kawaida watazamaji wote huinuka kujinyoosha na kuimba, alisimama sekunde moja kabla yao.

"Ndugu wageni waalikwa na wajumbe wote," alisema, "naomba tusimame kuwapokea maharusi."

Watu elfu thelathini wakasimama wakaimba. Machozi yalimtoka Mzee Sadock, akayaacha yashuke mpaka kwenye haradali. Baadaye, watu walipokwisha kuketi, yeye alibaki wima, mikono mbele, akiwashukuru kwa kufika, akiwashukuru tena.

Mchezo ulikuwa umerudi. Rangers walikuwa na watu kwenye vituo vyote vitatu, na mrushaji alikuwa anajikuna bega. Bibi wa kofia, mgeni wa hamsini, aliyealikwa kwa jina lake, alimshika Prudensia mkono. Prudensia aliinamia kushoto, akainamia kulia, bado hakuona.

"Mzee Sadock," alisema mama wa bibi harusi, "shikamoo, kaa chini. Unaniziba."