Homa Iliposhuka

Gendis hakuletwa hospitalini kwa sababu anaumwa. Aliletwa aandikiwe barua kwamba amepona. Saa kumi alasiri ya Jumapili hiyo hiyo basi la shule lilikuwa linaondoka mjini kwetu Klaten, kisiwani Java, kwenda Bali na darasa lao zima, safari ya kukesha njiani, na mwalimu alikuwa amesema aliyeugua wiki hii hapandi bila barua ya daktari. Zahanati Jumapili zimefungwa. Basi bibi yake, Mbah Sumirah, akamleta kwetu kwenye dharura, mtoto kashavaa jaketi la safari.

Mimi ndiye nesi wa meza ya kupokea wagonjwa, mwaka wa kumi na tisa sasa. Siku hizi tuna kompyuta ya kutabiri. Unaijazia mapigo ya moyo, pumzi, joto na presha ya mgonjwa, nayo inakupa namba ya kukuonyesha nani atazidiwa. Mgala muue na haki umpe, imetusaidia mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Kwa Gendis ilitoa moja, rangi ya kijani, yaani nenda zako nyumbani.

"Unajisikiaje, nduk?" nikamuuliza, kama tunavyowaita watoto wa kike.

"Sijambo kabisa, Bu," akajibu, akiniita mama kwa heshima.

Watoto wetu wamefunzwa wasiwasumbue wakubwa. Hata mguu ukivunjika, atakwambia si kitu. Jibu lake sikulitia maanani.

"Homa siku nne, leo alfajiri imeshuka yenyewe," akadakia Mbah. "Upepo ulimwingia huyu. Jana nimemkwangua mgongo, usiniulize. Geuka, nduk, mwonyeshe Bu ulivyotoka."

Kukwanguliwa tumekulia nako sote: mafuta mgongoni, kisha ukingo wa sarafu, mpaka itoke michirizi myekundu. Ikikolea, tunasema upepo ulikuwa mwingi. Mimi na unesi wangu wote, mume wangu hunikwangua kila masika, na wala sioni haya. Kwa hiyo michirizi naijua. Ya Gendis ilikuwa ya zambarau, karibu nyeusi, na pembeni, mahali ambapo sarafu haikupita, ngozi ilijaa vidoa vyekundu kama punje za mtama. Nikashika nyayo zake, zilikuwa za baridi. Nikarudia kupima presha: mia moja, chini themanini na mbili. Kompyuta huuliza namba ya juu tu. Mimi niliiangalia ya chini, jinsi ilivyomsogelea mwenzake; zikikaribiana hivyo, damu inapungua mishipani.

Dengi, ile homa ya mbu, ina hila. Homa ikishuka watu wanashukuru Mungu, kumbe ndiyo saa mishipa inapoanza kuvuja kwa ndani. Kimya kingi kina mshindo mkubwa.

Daktari Haryo, kijana aliyetoka chuo juzi tu, alikuwa kashatia sahihi barua.

"Bu Wiji, ana moja. Kijani."

"Mashine haijawahi kukwanguliwa mgongo, Dok. Njoo uone huu. Apimwe damu, alale hapa mpaka jioni."

"Na basi?"

"Basi liende."

Akautazama ule mgongo, akanitazama mimi, akaanza kutafuta sindano ya damu. Barua nikaitia mfukoni.

Mbah akaja juu. "We nesi una roho gani? Mtoto kapona, anaongea, anatembea. Kajiandaa mwaka mzima!"

Gendis hakufoka. Machozi yalimtoka kimyakimya, kisha akasema, "Bu ni mtu mbaya." Kwa mtoto wa Kijawa kumwambia mkubwa hivyo, ujue moyo umepasuka. Iliniuma. Kama nilikosea, nilikuwa nimemnyang'anya safari yake kwa sababu ya rangi ya mgongo tu. Kwa saa mbili nzima wenzake walimpigia simu, wakiuliza yuko wapi, kiti chake wamekishika. Kila simu ilipolia, nilijifanya napanga faili.

Saa kumi kasorobo Gendis aliomba kwenda msalani. Alishuka kitandani, akapiga hatua mbili, akaanguka. Midomo ilikuwa myeupe. Nilimshika mkono na mapigo sikuyapata. Haryo alikuja mbio, tukamtundikia dripu mikono yote miwili, tukaminya zile chupa kwa viganja ili maji yaende haraka, na Mbah amesimama ukutani, hata kulia hawezi. Majibu ya damu yalipoletwa, chembe za kugandisha damu zilikuwa zimebaki kidogo sana. Hatukuwa na haja tena ya kuambiwa.

Kufikia magharibi mapigo yalikuwa yamerudi na kutulia. Gendis alifungua macho, akauliza saa ngapi, akalala tena.

Mbah alikuja kwenye meza yangu, akaketi kiti cha wagonjwa.

"Mkono wangu ndio uliomvujisha damu?"

"Hapana, Mbah. Ilikuwa inavuja yenyewe. Mkono wako ndio ulionionyesha."

Akakitazama kiganja chake. "Na ningempandisha lile basi?"

Kazi yangu imenifunza kudanganya kwa upole. Safari hii nilishindwa. "Angefia njiani."

Akaitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu anayepokea mzigo. "Kompyuta ilisema kijani. Wewe ulijuaje?"

"Sikujua, Mbah. Niliogopa tu."

Akanishika mkono, kwa vidole vile vile vilivyoshika sarafu, akanikazia macho.

"Basi usije ukazoea, mwanangu. Endelea kuogopa."