Moja Iliyosikika Saba

Shen Yuqiao aliogopa kuuliza, na aliogopa kunyamaza. Ilikuwa saa tisa na dakika kumi na moja alasiri, Beijing, ukumbi wa kuongozea chombo umejaa wakubwa waliotoka kula, na yeye ndiye aliyekuwa amesoma namba.

Chombo chenyewe kilikuwa mbali huko, juu ya jiwe dogo linalolizunguka jua sambamba na dunia, mwaka nenda mwaka rudi, kama jirani asiyebisha hodi. Miaka minane ya kazi. Mafuta yalibaki ya kushuka mara moja tu. Ikifika tisa na ishirini, injini ingewaka sekunde moja kukisukuma chini, kiguse jiwe na kuchota vumbi. Sekunde moja, basi! Zikizidi, kitajibamiza kivunjike vipande.

Sasa sikia balaa. Kwa Kichina moja ni "yi", saba ni "qi", na kwenye kipaza sauti hata mwenye masikio ya paka hazitofautishi. Ndiyo maana watu wa kazi ile huiita moja "yao". Shen alilijua hilo tangu siku ya kwanza; alifunzwa na Mwalimu Qiao, mkuu wa zamu, aliyekaa nyuma yake saa hiyo. Lakini asubuhi alikuwa akimfundisha binti yake kuhesabu maandazi ya mvuke: yi, yi, sema yi mwanangu. Je, ulimi ulimteleza? Hakumbuki!

Tan Boyu, kijana wa chumba cha pili, ndiye aliyeiandika namba ya sekunde na kuituma chomboni. Alimrudishia namba ile kwa sauti, naye Shen akaitikia, "Sawa." Alirudia ipi? Mtu husikia kile alichokwisha kukiwaza.

Tisa na kumi na nne. Akiuliza bure, ameaibika mbele ya wakubwa. Asipouliza, je? Na amri ya kufuta nayo ina safari yake, dakika moja na nusu kufika huko. Maji yakimwagika hayazoleki, ila haya yalikuwa na dakika nne za kuzoleka.

Akabonyeza kitufe. Sauti ikatoka nyembamba, kama si yake.

"Boyu. Umeandika sekunde ngapi?"

"Dada Shen, chakula kimekulevya nini?" Tan akacheka. "Si wewe uliyenipa? Saba. Ile inayofuata sita."

Shen akakiinamia kipaza sauti.

"Futa!" akapiga ukelele. "Futa, Boyu! Ni moja! Nimekosea mimi! Futa!"

Ukumbi mzima ukageuka. Mkubwa mmoja kikombe cha chai kikamponyoka. Tan hakutania tena. Vidole vyake vilisikika vikigonga mbiombio. Amri ikaondoka tisa na kumi na saba, na baada ya hapo hakuna aliyekuwa na la kufanya. Dakika moja na nusu kwenda, moja na nusu kurudi. Shen alitetemeka hata kiti kikalia. Alimwita mama yake, ambaye alikufa zamani.

Tisa na ishirini skrini ikaandika: amri imefutwa. Watu wakashusha pumzi, wengine wakafuta macho bila kujificha.

Mwalimu Qiao akasimama. "Nipe vipokea sauti vyako."

"Nisamehe, Mwalimu."

"Jiwe litageuka tena baada ya nusu saa, nasi tutajaribu. Namba ataisoma mtu asiyetetemeka. Vua."

Akavivua, machozi yakimdondoka. Mzee akavipokea, akaviweka mezani. Kisha akavua na vyake, akaviweka juu ya vile vya Shen.

"Mwalimu, na wewe tena?"

"Nilikusikia ukisema 'yi'," akasema kwa sauti ya chini, midomo ikimcheza. "Nilisikia vizuri tu. Nikaona haya kukukosoa mbele ya wakubwa, mwanafunzi wangu mwenyewe. Nikajiambia Boyu atakuwa ameandika sawa. Dakika zote hizo nimekaa nyuma yako nakusubiri uulize wewe."

"Na nisingeuliza?"

Mzee akavitazama vipokea sauti mezani. Shen akamtazama, na hapo ndipo hofu ilipomshika kweli.