Kipimo Kilichokatwa

Pale hospitalini walimwita Mama Tovuti, ingawa hakuwa na mtoto na tovuti yenyewe aliikuta. Kazi yake ilikuwa kuingiza maelezo ya dawa. Nyuma ya kila ukurasa kulikuwa na visanduku, kila dawa na kisanduku chake. Unabandika maandishi, unahifadhi, na mzazi aliye nyumbani anasoma kwenye simu yake. Adui yake alikuwa takataka. Maandishi yanayotoka kwenye kompyuta za watu huja na madoido yao yote, rangi, herufi nene, mistari, na ndani ya kisanduku madoido hayo hugeuka vialama visivyosomeka. Ndiyo maana alikipenda kitufe cha Safisha kuliko alivyowapenda baadhi ya wafanyakazi wenzake.

Asubuhi hiyo mfamasia alimtumia maelezo ya dawa ya homa ya watoto. Chupa mpya zilikuwa zimeingia, na dawa yake ilikuwa kali mara mbili ya ile ya zamani.

"Kipimo cha zamani nimekikata," mfamasia alisema akiwa mlangoni, kikombe cha chai mkononi. "Wewe weka tu."

"Umekikata kabisa?"

"Si nimekwambia nimekikata?"

Akaweka. Alibandika, akaona vialama vimejazana kama kawaida, akabonyeza Safisha, akahifadhi na kwenda kwenye dawa nyingine bila hata kutazama nyuma.

Mchana mdogo wake akamtumia ujumbe: "Dada, mwanao amechemka. Nimetoka kuchukua dawa hapo kwenu, sasa nafungua maelezo yenu." Huyo mwanao ni mtoto wa mdogo wake, ambaye bado hajatembea vizuri lakini anajua kumvuta Mama Mkubwa hereni. Mama Tovuti akafungua ukurasa kwa kujivuna kidogo, aone anachokisoma mwenzake.

"Mpe vijiko viwili asubuhi, mchana na jioni. Mpe kijiko kimoja asubuhi, mchana na jioni."

Akasoma tena. Akafungua faili la mfamasia, na huko sentensi ya kwanza ilikuwa imepigwa mstari katikati. Bwana mkubwa alikuwa amekata kama mwalimu anavyokata jibu kwa kalamu. Mama Tovuti alikuwa ameelewa kukata kwa kompyuta, kule kunakoondoa maneno yasibaki. Na mstari ule, uliokuwa onyo pekee, Safisha iliuona takataka ikauondoa.

Aliifuta sentensi ile ya kwanza, akahifadhi, akapiga simu. Inatumika. Akapiga tena. Inatumika. Anaongea na nani huyu, na mtoto anaumwa? Akilini alimwona mdogo wake jikoni, kijiko mkononi, hana wasiwasi wowote, kwa kuwa dada yake ndiye aliyeandika. Si aliwahi kumwambia mwenyewe asiulize majirani, asome kwao tu?

Alikimbilia dirisha la dawa. "Vijiko viwili vya ile mpya vitamfanya nini mtoto mdogo?"

Mfamasia aliweka kikombe chini. "Akipewa mara moja, pengine hatadhurika. Akipewa kutwa nzima, ini lake linaweza kuharibika. Nani amempa?"

Simu ikaita mkononi mwa Mama Tovuti.

"Dada, kila nikikupigia simu inatumika."

"Umempa vingapi?"

"Sijampa bado. Mmeandika viwili, halafu mmeandika kimoja. Nikasema leo dada yangu kachoka, ngoja nimuulize."

Mama Tovuti alikaa palepale sakafuni. "Kimoja," alisema. "Kimoja tu. Sema nisikie."

"Kimoja. Mbona unalia?"

Alikuwa analia kweli, na hakujali nani anamwona. Mfamasia alishusha pumzi, akajaribu hata kucheka. "Basi, limepita hilo."

"Limepita wapi?" Alijifuta uso kwa kiganja. Ukurasa ule ulikuwa hewani tangu asubuhi. "Chupa mpya mmewapa watu wengi?"

"Si uliona foleni? Ilifika hadi nje."

"Mdogo wangu amenipigia mimi. Hao wengine wamempigia nani?"

Mfamasia alitazama upande wa pili wa dirisha. Mabenchi yalikuwa matupu. Wote walikwisha kwenda nyumbani.