Matrida Haingii Nyumba Hii

Kuna wanaume wanaowaficha wake zao mchepuko, na kuna wanaowaficha mabinti zao redio. Mzee Mugeta wa Butiama alikuwa wa kundi la pili, ingawa siku ile akishuka kwenye gari la kutoka Bunda, gunia la viazi vitamu begani, ungeapa kwamba ni wa kundi la kwanza. Aliwasalimia watu juu juu na hakusimama na mtu. Viazi vilikuwa juu tu. Chini yake, imeviringishwa kwenye koti lake la kanisani, ilikuwepo redio ya Metrad.

Ili uielewe aibu hiyo, lazima ujue kwamba Mugeta alikuwa mtu wa redio za Kasuku. Tangu akiwa karani wa pamba, aliponunua ya kwanza mjini Musoma, hakuacha kuzikusanya: Kasuku za mbao, Kasuku za plastiki, Kasuku yenye mkanda wa kuvaa begani, na moja iliyopigwa na radi ambayo hata kukoroma haikoromi. Zilijaza chumba kizima. Kila Jumamosi alizifuta vumbi, na watoto wake walipokuwa wadogo waliona anazigusa kwa upole kuliko alivyowagusa wao. Watu walimwita Mzee Kasuku, naye akaitika. Ila Metrad, ambayo midomo ya huku ilishaigeuza zamani ikawa Matrida, hakutaka hata kuisikia.

"Lile ni debe limetiwa betri," alikuwa akisema.

Kama angeishia kusema, isingekuwa dhambi. Kila mtu ana ushabiki wake. Lakini alikuja kijana mmoja wa Kibara, Lameck, mchuuzi wa samaki, kumposa Dorah, binti yake. Mambo yalikwenda vizuri. Mahari ilikubaliwa, ng'ombe wa kwanza wakaletwa, soda zikafunguliwa. Ndipo mshenga akatoa zawadi ya baba mkwe, ambayo Lameck aliinunua mwenyewe baada ya kusikia kwamba mzee anapenda redio. Maskini, alisikia nusu. Ilikuwa Matrida mpya, ndani ya boksi lake.

Mugeta aliitazama mbele ya wazee wa pande zote mbili. "Matrida haingii nyumba hii," akasema. "Mwanaume asiyejua kuchagua redio, mke amemchaguaje?"

Watu wake wakacheka. Wa Kibara hawakucheka. Mshenga akamsihi aipokee tu, hata kama ataigawa kesho yake, lakini Mugeta kicheko kilikuwa kimeshamnogea. Akairudisha kwa mkono wa kushoto. Kabla ya wiki kwisha, wa Kibara walikuwa wamewafuata ng'ombe wao.

Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Mugeta mjukuu kwa Dorah hakupata, majuto alipata. Lameck alioa kwingine. Dorah alibaki nyumbani akifundisha watoto wa chekechea, na mama yake, Petronila, alipofariki, akabeba na kazi za kumpikia na kumfulia baba yake. Petronila tangu siku ile hadi anakufa hakumwomba tena mumewe awashe redio. Dorah hakulalamika hata mara moja, na huko kutolalamika ndiko kulikomtafuna mzee. Alikuwa na kinga moja tu: Matrida ni debe. Kama ni debe, basi alikataa debe, na hana kesi. Alikutana na Lameck sokoni Bunda, kijana akamwamkia kwa heshima zote na kumchagulia sato mnono bila kutaka hata shilingi, naye akaondoka na samaki wake huku akijiambia hivyo hivyo, ni debe, ni debe.

Sasa siku hiyo ya viazi alikuwa amekwenda kwa Fredi, fundi redio wa Bunda, kutafuta kitufe cha Kasuku mojawapo. Alikuta kwaya inaimba. Sauti za akina mama zilikuwa safi kiasi kwamba ulisikia hata wanapovuta pumzi. Mugeta alisimama kizingitini mpaka wimbo ukaisha.

"Fredi, hiyo Kasuku umeitoa wapi?"

"Kasuku? Hii si ni Matrida, mzee wangu. Mwenyewe kahama, kaniachia niuze."

Mugeta aliichukua, akaigeuza. Haikuwa ile ya Lameck, ilikuwa kubwa na kuukuu zaidi. Alizungusha masafa kutoka mwanzo hadi mwisho akiomba ikorome, ikwaruze, ifanye chochote kile ambacho debe hufanya. Haikufanya. Ilimletea taarifa ya habari, mpira, mahubiri, kila kimoja kimekaa mahali pake.

"Leo Mzee Kasuku anataka kuchepuka!" Fredi akamtania, na waliokuwepo wakaangua kicheko.

Mugeta aliirudisha mezani na kutoka. Alifika mpaka barabarani. Halafu akarudi akainunua, akapitia sokoni kutafuta viazi vya kuifunikia.

Kuanzia hapo, kila Dorah alipokwenda kufundisha, mzee aliitoa chini ya kitanda na kuiwasha taratibu. Alijua vizuri anachokifanya. Kila ilipoimba ilimwambia kwamba alivunja ndoa ya mwanawe kwa ajili ya kitu ambacho hakuwahi hata kukisikia. Ilimuuma, na bado akaongeza sauti kidogo.

Siku moja mvua ilitishia, watoto wa chekechea wakaruhusiwa mapema. Mugeta alipoinua macho, Dorah alikuwa mlangoni na kikapu chake.

"Hiyo siyo Kasuku," akasema.

"Siyo."

"Ni Matrida."

"Ni Matrida, mwanangu."

Dorah akaketi kwenye kigoda, akasikiliza. Mzee alikuwa amejiandaa kwa kilio. Alikuwa amejiandaa hata kwa maneno makali, na moyoni aliyataka.

"Inaongeaga vizuri hivi?" Dorah akauliza. "Baba, siku ile ulikuwa umeshaisikia?"

"Hapana."

Dorah akatikisa kichwa polepole, na ajabu ni kwamba alikuwa anatabasamu. "Nilijua. Hakuna mzazi anakataaga mkwe kwa ajili ya redio. Wewe ulimwona Lameck na kitu kibaya, ukaona haya kukisema mbele ya wazee, ukasingizia redio. Hata Mama nilikuwaga namwambia hivyo, akiwa analia. Nikisali namshukuruga Mungu, nasema asante, baba yangu aliniona mbali." Akamsogelea. "Sasa mimi ni mtu mzima. Niambie tu. Alikuwa na nini?"

Mugeta alifungua mdomo. Uongo ulikuwa tele na wote ulikuwa karibu: pombe, mwanamke kisiwani Rukuba, ugonjwa wa ukoo. Ungetosha mmoja tu. Lameck asingejua kamwe, Dorah angeendelea kusali sala yake, naye angezikwa akiwa baba aliyeona mbali. Aliutamani kuliko alivyowahi kutamani redio yoyote. Lakini kumchafua kijana yule mara ya pili kulimshinda.

"Hakuwa na kitu," akasema. "Watu walicheka, mwanangu. Nikanogewa."

Dorah alinyoosha mkono, akaizima redio.

"Ungeniongopea tu, Baba," akasema.