Kibati Namba Saba

Mimi sikuumbwa kuinama. Mdogo wangu analijua hilo, na bado nilipomtembelea kwenye mji wao mdogo wa mawe ya chokaa, alinivalisha kofia ngumu na kuniingiza pangoni pamoja na wageni anaowatembeza, nikauone mto unaopita chini ya nyumba za watu.

Mlangoni pana ubao wenye misumari. Kila anayeingia huchukua kibati chenye namba, na akitoka hukitundika mwenyewe.

"Dada, hapa hatuhesabu vichwa," aliniambia. "Msumari mmoja ukibaki mtupu, siendi kula. Usijifanye mkubwa, rudisha."

"Sijifanyi, mimi ni mkubwa. Nimekufuta makamasi wewe."

Katikati ya njia magoti yakanigomea. Yeye alikuwa mbele, anawaonyesha wageni samaki wasio na macho. Nikafuata kamba iliyofungwa njiani nikarudi peke yangu, kimyakimya, nisichekwe. Mlinzi wa mlangoni alikuwa ameenda msalani. Nikapitiliza hadi kwa wifi, nikavua viatu, nikanywa chai huku nikimsengenya mume wake. Mvua ikashuka, mvua ya kufunga macho. Nilipotafuta leso mfukoni, mkono ukatoka na kibati.

"Wifi, angalia nilivyo mzembe."

Wifi hakucheka. Aliacha sufuria motoni akatoka mbio, nami nyuma yake, miguu mitupu.

Mlinzi alikuwa mbele ya ubao, ameloa chapachapa. Aliponiona alishika kichwa. Wageni wote walishatoka. Mdogo wangu alikuwa amerudi ndani kunitafuta, na maji yamejaa hadi juu kwenye njia ya kuingilia.

"Si mumwambie nipo!" nikafoka.

"Kwa njia gani, mama?"

Kando ya mlango pana ufa mwembamba kwenye mwamba, ukiingiza mkono unaishia kiwikoni. Nikalala kifudifudi topeni. Sauti yake ilipanda safi kabisa.

"Dada! Dada eee!"

"Nipo huku juu! Nimetoka! Nimetoka, mdogo wangu!"

"Hasikii," mlinzi alisema. "Mto unamzibia masikio. Sauti ya chini inapanda, ya juu haifiki."

"Angejua nimetoka, angefanya nini?"

"Angepanda kwenye jiwe la juu, angekaa hapo mpaka maji yapungue. Ndiyo kanuni yetu. Lakini kwa ubao huu bado kuna mtu ndani, hawezi kukaa."

Huyo mtu ni mimi. Husemwa majuto ni mjukuu. Yangu yalifika kabla chai haijapoa. Wifi alikuwa amechuchumaa kando yangu, ameshika ukosi wa gauni langu. Heri angenitukana.

Mlinzi akanyoosha mkono apokee kibati. Nikakataa. Nikainuka, nikakitundika mwenyewe kwenye msumari wa saba, ubao ukajaa. Kisha nikarudi kulala kwenye ufa.

"Usiogope, dada," alikuwa anasema, "nakuja."

Sauti ilitoka mbali zaidi kuliko mwanzo.