Mtoto Asiyebebeka

Asubuhi, kabla madaktari hawajapita, Eliness alimwogesha binti yake kwa maji ya vuguvugu, akampaka mafuta miguuni, akamgeuza ubavu atandike shuka. Takondwa alikuwa mwepesi kama kapu tupu. Uvimbe wa tumboni ulikatwa mara mbili ukarudi, sasa umefika mapafuni. Mtoto hakutaka kitu tena ila kurudi nyumbani Ntchisi, ale kumbikumbi wa mvua za kwanza. Mama naye alitaka hivyo hivyo: dawa ya maumivu, na mwanawe afie kwao.

Hakuulizwa. Kwetu mwenye neno juu ya mtoto ni mjomba, na mjomba Zintambila alivaa suti. Hakuwahi kumwaga hata beseni moja la matapishi, ila kanisani alishatangaza kwamba mpwa wake atapona. Daktari Mkwezalamba, aliyekuwa na wageni wa Ulaya wanaotaka kutazama upasuaji, alimwita mjomba huyo "mkuu". Mkuu akalainika, akakubali mtoto apasuliwe mara ya tatu.

"Kaka, mwache apumzike," Eliness alisema.

"Wewe umekata tamaa, dada. Mimi bado nina matumaini."

"Matumaini ni yako, kaka. Tumbo ni lake."

Wabebaji wawili wakaja, wakamshika mtoto. Hakuinuka. Wakawa wanne, hakuinuka. Kitanda chenyewe kiligoma kusogea. Daktari akavua saa, akajaribu mwenyewe. Ushuzi ukamponyoka, na wageni wakatazama dirishani. Mjomba alipoinama, suti ilipasuka kwapani.

"Ameongezeka uzito," muuguzi alisema.

"Lishe inasaidia," daktari akajibu.

Eliness aliona shuka limekunjamana. Akamwinua mwanawe kwa mkono mmoja, akalinyoosha, akamlaza. Akadhani sasa yamekwisha, wenyewe wameona. Loo, hakuwajua watu hao!

"Vizuri sana," alisema daktari. "Basi mama ndiye atamleta."

"Umesikia?" mjomba akadakia. "Mbebe."

"Nikikataa je?"

"Utatoka wodini, na hutaingia tena. Mtoto atabaki na sisi."

Akawatazama hao "sisi", watu wasioweza hata kumgeuza. Akamfunga mwanawe mgongoni kwa kitenge, akatoka naye kwenye korido. Wao wakamfuata kwa heshima, kama wasindikizaji wa bibi harusi.

"Tunaenda nyumbani, mama?" Takondwa aliuliza.

"Tunapita hapa kwanza."

Katika chumba cha upasuaji hakupatikana aliyeweza kumpokea mtoto. Basi mama alivishwa joho la kijani na kofia, akaingizwa, akamfungua mwanawe na kumlaza mezani chini ya taa. Takondwa alimshika kidole. Mama akavibandua taratibu, kimoja kimoja, vidole vile vidogo. Wageni waliitikia kwa vichwa, wameridhika.

"Ahsante, mama," daktari akasema, akivaa glavu. "Sasa toka nje, wazazi hawaruhusiwi humu. Ila usiende mbali. Tutakuita uje umshushe."